Ifahamu molekuli: Kutoka maji ya Ziwa Nyasa hadi sumu isiyoonekana ya jiko la mkaa

WAVUVI wa Mbamba Bay na Liuli, katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, hupata samaki wao katika tabaka la juu la maji. Ziwa hilo lina kina kinachofikia mita 700 hivi, lakini ukishapita mita 200 hadi 250 kwenda chini hakuna samaki anayeweza kuishi, kwa kuwa huko hakuna oksijeni ya kuvuta.

Jambo hilo huwashangaza wengi, kwa sababu maji yenyewe yameumbwa kwa oksijeni. Katika kila kilo tisa za maji safi, kilo nane ni oksijeni. Samaki atakayezama katika vilindi hivyo atakuwa amezungukwa na oksijeni pande zote, na bado atakufa kwa kukosa hewa.

Juu ya mwambao huo, katika milima ya Umatengo iliyo kati ya ziwa na mji wa Mbinga, ndiko iliko Litembo. Miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya milimani huwa kali, na jiko la moto huwa rafiki wa kila nyumba. Mkaa unaoungua kikamilifu hutoa gesi ambayo kila binadamu huitoa anapopumua. Mkaa huo huo, ukiungua kwa hewa haba ndani ya chumba kilichofungwa, hutoa gesi nyingine inayoweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja. Atomu zinazohusika ni zile zile, za kaboni na oksijeni. Kinachobadilika ni idadi yake na namna zilivyoungana.

Mafumbo hayo mawili, la ziwani na la jikoni, yana jibu moja, nalo ni molekuli.

Atomu na molekuli ni nini?

Kila kitu kinachoonekana na kushikika, kuanzia mwamba hadi jani la mgomba, kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Udogo wake hauna mfano wa kawaida: atomu milioni 10 za hidrojeni zikipangwa katika mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa takriban milimita moja tu.

Ndani ya atomu kuna kiini chenye protoni na nyutroni, na kukizunguka kiini hicho zimo elektroni. Protoni zina chaji chanya, elektroni zina chaji hasi, na nyutroni hazina chaji. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa atomu jina lake. Yenye protoni moja ni hidrojeni, yenye sita ni kaboni, yenye saba ni naitrojeni, yenye nane ni oksijeni, na yenye 26 ni chuma. Hadi sasa wanasayansi wanazitambua aina 118 za atomu, ambazo huitwa elementi.

Ni aina chache tu za atomu, kama vile heli, neoni na agoni, ambazo huridhika kuishi peke yake. Nyingi za zilizosalia hutafuta wenzake. Atomu mbili au zaidi zikifungamana na kuwa kitu kimoja, kundi hilo ndilo linaloitwa molekuli.

Uhusiano wa atomu na molekuli unaweza kulinganishwa na ule wa herufi na neno. Herufi l, i, m na a zikipangwa kwa namna moja huunda neno "lima", zikipangwa upya huwa "mali", na zikipangwa tena huwa "mila". Hakuna herufi iliyoongezwa wala kuondolewa, lakini maana imebadilika kabisa.

Ndivyo ilivyo katika kemia. Atomu mbili za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni zikiungana kwa mpangilio mmoja hutoa ethanoli, ambayo ni kilevi kilichomo katika pombe zote. Atomu hizo hizo, kwa idadi ile ile, zikipangwa kwa namna nyingine hutoa daimethili etha, gesi inayotumika kusukuma dawa na manukato nje ya makopo ya kupulizia. Kwa hiyo, kujua kitu kina atomu gani hakutoshi. Sharti kujua pia zimeunganaje.

Jinsi atomu zinavyoshikana

Siri ya muungano huo imo katika elektroni. Elektroni hukaa katika matabaka kuzunguka kiini. Tabaka la kwanza hujaa likiwa na elektroni mbili, na kwa atomu nyepesi kama kaboni, naitrojeni na oksijeni, tabaka linalofuata hujaa likiwa na nane. Atomu ambayo tabaka lake la nje halijajaa huwa tayari kuungana na nyingine.

Hidrojeni ina elektroni moja na hupungukiwa na moja. Oksijeni ina sita katika tabaka la nje, hivyo hupungukiwa na mbili. Naitrojeni hupungukiwa na tatu, na kaboni na nne. Njia nyepesi ya kuziba pengo hilo ni kushirikiana: atomu mbili hutoa elektroni moja kila upande, na jozi hiyo ikawa mali ya wote wawili. Jozi hiyo ndicho kifungo cha kemikali.

Kwa lugha rahisi, ni kama hidrojeni ina mkono mmoja, oksijeni miwili, naitrojeni mitatu na kaboni minne. Oksijeni ikishika hidrojeni kwa kila mkono, yanapatikana maji, ambayo wanakemia huyaandika H2O. Atomu mbili za oksijeni zikishikana mikono miwili miwili, inapatikana oksijeni ya kuvuta, O2. Naitrojeni mbili zikishikana kwa mikono yote mitatu, inapatikana gesi inayochukua asilimia 78 ya hewa, N2. Kaboni ikishika oksijeni mbili, mikono miwili kwa kila moja, inapatikana CO2, ambayo Watanzania wengi wanaifahamu kwa jina la hewa ya ukaa.

Atomu hushikana kwa kuwa hali ya kuungana ina nishati ndogo kuliko hali ya kutengana, kama vile jiwe linaloporomoka kutoka mlimani hutulia bondeni. Kifungo kinapofungwa nishati hutolewa, na ili kukivunja ni lazima nishati itumike. Ndiyo maana joto la moto halitoki katika kuvunjika kwa vifungo vya kuni au mkaa, kama wengi wanavyodhani. Joto hilo hutokana na vifungo vipya na imara zaidi vinavyofungwa kati ya kaboni, hidrojeni na oksijeni ya hewani.

Si kila kitu, hata hivyo, kimejengwa kwa molekuli. Chumvi ya mezani haina molekuli. Ndani yake sodiamu imempa klorini elektroni moja moja kwa moja, na chembe hizo zenye chaji zinazopingana, ziitwazo ioni, zimejipanga kwa zamu pande zote kama matofali ya ukuta usio na mwisho. Vyuma navyo vina utaratibu wake, ambamo elektroni nyingi huzunguka huru.

Safari ya karne mbili

Ufahamu huo haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alichapisha nadharia yake kwamba kila elementi imejengwa kwa atomu za aina yake. Hata hivyo, Dalton alidhani kuwa maji yana hidrojeni moja na oksijeni moja.

Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alionyesha njia sahihi. Ilikwisha kujulikana kuwa ujazo mara mbili wa hidrojeni ukichanganywa na ujazo mmoja wa oksijeni hutoa ujazo mara mbili wa mvuke. Avogadro alieleza kuwa hilo linawezekana tu endapo kila chembe ya gesi ya oksijeni inagawanyika vipande viwili. Maana yake ni kwamba chembe hiyo haikuwa atomu moja, bali mbili zilizoungana. Hapo ndipo tofauti ya atomu na molekuli ilipobainishwa, ingawa wanasayansi wenzake walichukua karibu nusu karne kuikubali, hadi Stanislao Cannizzaro alipoitetea katika mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860.

Mwaka 1905 Albert Einstein alitumia hesabu kuonyesha kuwa mtikisiko wa chembe ndogo zinazoelea majini unasababishwa na molekuli za maji zinazozigonga. Mfaransa Jean Perrin alithibitisha hesabu hizo kwa majaribio, na mwaka 1926 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mmarekani Gilbert Lewis ndiye aliyeeleza mwaka 1916 kuwa kifungo ni jozi ya elektroni zinazoshirikiwa. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya IBM mjini Zurich, Uswisi, walifanikiwa kupata picha inayoonyesha umbo zima la molekuli moja ya pentasini, pamoja na vifungo vyake.

Kutokana na kazi za wataalamu hao, leo inajulikana kuwa kijiko kimoja cha chai cha maji kina molekuli zinazokadiriwa kuwa namba 17 ikifuatiwa na sifuri 22.

Oksijeni ya maji si oksijeni ya samaki

Kwa ufahamu huo, fumbo la Ziwa Nyasa linafumbuka. Oksijeni iliyomo katika maji yenyewe imekwisha kushika hidrojeni kwa mikono yote miwili. Samaki hana uwezo wa kuvunja kifungo hicho. Kinachomweka hai ni molekuli za O2 zilizotoka hewani, au zilizotolewa na mimea midogo ya majini, na kuyeyuka katikati ya molekuli za maji. Kiasi chake ni kidogo mno: lita moja ya maji ya juu ya ziwa huwa na miligramu zipatazo nane tu.

Maji ya juu ya Ziwa Nyasa huwa na joto kuliko ya chini, hivyo huwa mepesi na hubaki juu. Matabaka hayo mawili hayachanganyiki vya kutosha. Mabaki ya viumbe yanayozama huliwa na bakteria, ambao humaliza oksijeni iliyoko chini, na hakuna nyingine inayoshuka kuchukua nafasi yake. Badala yake hupatikana huko gesi iliyoyeyuka ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza na sumu kwa viumbe wengi.

Hidrojeni salfaidi inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu imejengwa kama maji. Ina hidrojeni mbili, ila mahali pa oksijeni pamekaliwa na salfa. Ingawa molekuli yake ni nzito kuliko ya maji, huchemka kwenye nyuzijoto 60 chini ya sifuri, ilhali maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Tofauti hiyo inatokana na molekuli za maji kuvutana zenyewe kwa zenyewe. Oksijeni huvuta elektroni upande wake kwa nguvu, na hivyo molekuli ya maji ikawa na upande wenye chaji hasi kidogo na mwingine wenye chaji chanya kidogo. Kama si mvutano huo, maji yangekuwa gesi katika joto la kawaida, na Ziwa Nyasa lisingekuwapo.

Ngoro, maharage na kifungo kigumu

Milimani nako kuna mfano wake. Wamatengo ni mashuhuri kwa kilimo cha ngoro, ambacho wamekirithi kizazi baada ya kizazi. Nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunika nyasi hizo. Matokeo yake ni mteremko mzima uliojaa vishimo vilivyozungushiwa matuta. Vishimo hivyo huzuia maji ya mvua kubeba udongo, na nyasi zilizozikwa huoza na kuwa mbolea. Kwa kawaida maharage hupandwa kwanza, na mahindi hufuata katika msimu mwingine.

Kuanza na maharage kuna faida inayoelezwa na kemia. Kila mmea unahitaji naitrojeni. Juu ya kila mita moja ya mraba ya mashamba hayo ya milimani kuna zaidi ya tani sita za naitrojeni hewani, lakini mahindi hayawezi kuitumia hata chembe. Sababu ni kile kifungo cha mikono mitatu, ambacho ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika molekuli.

Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch ndio waliofungua njia ya kukivunja viwandani. Haber alionyesha jaribio lake mwaka 1909, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kazi hiyo ilihitaji joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara 200 hivi. Kwa njia hiyo naitrojeni huunganishwa na hidrojeni kupata amonia, ambayo ndiyo chanzo cha mbolea kama urea inayouzwa madukani.

Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharage hufanya kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la udongo, bila mtambo wala kelele. Mkulima aliyeanza na maharage alikuwa akiitumia kemia hiyo kabla ya viwanda vya mbolea kujengwa.

Kahawa, tunda la biashara la Umatengo tangu miaka ya 1920, nayo ina somo lake. Kafeini, inayomfanya mnywaji akeshe, ni molekuli ya atomu 24: nane za kaboni, kumi za hidrojeni, nne za naitrojeni na mbili za oksijeni. Umbo lake linafanana kwa sehemu na la molekuli nyingine iitwayo adenosini, ambayo ubongo huitumia kujiambia kuwa umechoka. Kafeini hukalia kiti cha adenosini na kuizuia isifikishe ujumbe. Katika mwili, umbo la molekuli ni kama meno ya ufunguo: kinachofanana na mwenye nyumba kinaweza kuingia.

Kwa kahawa, mgeni huyo ni wa kuchangamsha tu. Kwa jiko la mkaa, mgeni wa namna hiyo huua.

Oksijeni moja inapokosekana

Mkaa wa miti kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hata makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa wilayani Mbinga mwaka 2011, nguvu yake hutokana zaidi na kaboni. Kaboni ikipata hewa ya kutosha, kila atomu yake hushika oksijeni mbili na kuwa CO2. Oksijeni ikiwa haba, kaboni huambulia oksijeni moja tu, na gesi inayopatikana ni kaboni monoksaidi, CO.

Hapa mfano wa mikono unafikia kikomo, kwa sababu oksijeni katika molekuli hiyo huchangia elektroni zaidi ya kawaida yake, na kifungo kinakuwa cha jozi tatu, imara sana. Ndiyo maana kaboni monoksaidi haijitengui yenyewe ndani ya chumba. Hubaki hapo hadi ipate upenyo wa kutoka nje.

Jiko la mkaa linatengeneza gesi hiyo hata linapoonekana kuwaka vizuri. Hewa huingia kwa chini na kuunda CO2, lakini gesi hiyo inapopanda kupitia mkaa mwekundu wa juu, hukutana na kaboni nyingine yenye joto kali, na molekuli moja ya CO2 pamoja na atomu moja ya kaboni hugeuka kuwa molekuli mbili za CO. Miali ya rangi ya buluu inayocheza juu ya mkaa mwekundu ni kaboni monoksaidi inayoungua. Miali hiyo ikizimika, gesi iliyobaki husambaa chumbani.

Kwa sababu hiyo, ile imani kwamba jiko lililokwisha kutoa moshi na kubaki na makaa mekundu ni salama kuingizwa ndani ni imani ya hatari. Moshi huonekana na huwasha macho, hivyo humwonya mtu. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu wala ladha. Gesi ya kupikia ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo haina harufu ya asili, lakini watengenezaji huichanganya na kiasi kidogo cha kemikali yenye salfa ili ikivuja inuke. Gesi ya mkaa haina wa kuitia harufu.

Namna inavyoua

Damu hubeba oksijeni kwa molekuli kubwa iitwayo himoglobini, yenye atomu zaidi ya 9,000. Ndani yake zimo atomu nne za chuma, na kila moja ni kiti cha molekuli moja ya O2. Kaboni monoksaidi huweza kukaa katika kiti hicho hicho, na hukishikilia kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200.

Hesabu yake inatisha. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni. Kaboni monoksaidi ikifikia asilimia 0.1 tu ya hewa ya chumba, itakuwa imezidiwa na oksijeni mara 210, lakini kwa kuwa hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200, mtu akiendelea kuivuta kwa saa kadhaa karibu nusu ya viti vya damu yake vitakuwa vimekaliwa nayo. Kiwango hicho kinaweza kuua.

Kwa wakazi wa milimani hatari ina uzito wa ziada. Katika mwinuko wa mita 1,500 oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi, na kila pumzi huwa na molekuli pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko pumzi ya mtu aliye pwani. Akiba ya kuanzia ni ndogo.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu, ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au mafua. Aliyelala huweza kupita hatua hizo zote bila kuamka. Wajawazito na watoto walio tumboni wamo katika hatari kubwa zaidi.

Tatizo jingine ni kwamba kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu huweza kudanganywa. Vifaa vingi vya aina hiyo hupima rangi ya damu, na himoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi huonekana kama iliyobeba oksijeni. Mgonjwa anaweza kusomeka kuwa mzima huku mwili wake ukikosa hewa. Kwa hiyo ni muhimu ndugu wanaomfikisha mgonjwa kituoni waseme wazi kuwa alikuwa katika chumba chenye jiko.

Tiba ni oksijeni yenyewe. Mtu anayevuta hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano kupunguza kwa nusu kaboni monoksaidi iliyomo katika damu yake. Akipewa oksijeni tupu muda huo hushuka hadi saa moja au saa moja na nusu, kwa kuwa wingi wa molekuli za O2 huzing'oa zile za CO kitini. Baadhi ya mashine zinazotumika hospitalini huipata oksijeni hiyo kwa kuchuja hewa: madini maalumu yenye vitundu vidogo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite.

Nini kifanyike

Kinga ya kwanza ni kutolala na jiko la mkaa, la kuni au la makaa ya mawe ndani ya nyumba, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Jambo hilo haliwahusu wa Litembo peke yao. Linawahusu pia wakazi wa Njombe, Iringa, Mbeya na Arusha wakati wa baridi, na wale wa Dar es Salaam wanaopikia katika chumba kimoja mvua inaponyesha. Jenereta inayonguruma katika kibaraza kilichozibwa, au gari lililowashwa ndani ya gereji iliyofungwa, hutoa gesi hiyo hiyo.

Kuweka beseni la maji kando ya jiko hakusaidii, kwa kuwa molekuli za kaboni monoksaidi huyeyuka kwa shida sana majini. Kuacha dirisha wazi kidogo hupunguza hatari, lakini hakuiondoi. Vipo vifaa maalumu vinavyoing'amua gesi hiyo na kupiga kengele, na kwa nyumba za wageni na mabweni ni ununuzi wenye maana.

Akikutwa mtu amezirai katika chumba chenye jiko, milango na madirisha yafunguliwe, atolewe nje haraka na kuwahishwa hospitali. Anayeokoa naye asikawie ndani, maana hewa iliyomwangusha wa kwanza haitamchagua wa pili.

Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Hadi lengo hilo litimie, nyumba nyingi zitaendelea kutegemea mkaa. Katika nyumba hizo, tofauti kati ya gesi tunayoitoa tunapopumua na gesi inayokatiza pumzi itabaki kuwa atomu moja ya oksijeni, na gharama ya kuikwepa ni kulitoa jiko nje kabla ya kulala.